Avatar, Fullmetal Alchemist, Arcane au BoJack: Ulinganisho wa Hadithi na Wahusika

Likizo ya Aprili dada yangu aliniletea mwanawe hapa Umoja. Kijana yuko gredi ya nane, anakula kama fundi wa mjengo, na aliingia mlangoni na ombi moja: "Anko, hii likizo tuangalie katuni moja tu, lakini iwe na stori ya maana." Wiki hiyo hiyo Mama alikuja kutoka Machakos kwa kliniki ya presha, akasema atakaa hadi dawa zimzoee. Nyumba ikawa na watu watatu, kochi moja na runinga moja. Nikapiga hesabu: usiku 21, sehemu tatu kila usiku, jumla 63. Ukichagua vibaya umejifunga na kitu kibovu hadi shule zifunguliwe.

Ukiuliza watu katuni gani ina hadithi nzuri na wahusika wa kina, unapewa majina kumi kwa pumzi moja na sababu hata moja hupewi. Mimi nitazungumzia nne tu, ambazo nimezitazama mwanzo hadi mwisho, mbili kati yake mara mbili: Avatar: The Last Airbender, Fullmetal Alchemist: Brotherhood, Arcane na BoJack Horseman. Nitafichua mambo ya mwanzoni na ya katikati, maana bila hayo hakuna cha kulinganisha. Miisho nitaiacha, isipokuwa mahali pamoja ambapo nilishindwa na shinikizo la kifamilia.

Napima kwa nini

Waliofanya fasihi ya Kiswahili sekondari wanakumbuka mhusika bapa na mhusika duara. Bapa ni yule yule kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, duara hukua na kugeuka. Katuni tulizokua nazo zilikuwa za kina bapa, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake. Paka anapigwa kikaango, uso unachukua umbo la kikaango, na kabla hujamaliza kucheka uso umerudi. Hakuna mtoto aliyetaka paka apelekwe hospitali.

Katuni yenye kina hufanya kinyume. Kikaango cha sehemu ya tatu bado kinauma katika sehemu ya hamsini. Kwa hiyo swali langu la kwanza ni hili: katuni hii inakumbuka? Mtu akitenda jambo, linamfuata? La pili linatoka humo humo: yule aliyekosewa ana maisha yake, au amewekwa pale asubiri kuombwa msamaha?

Kukumbuka si kurudia, lakini. Hapa ndipo ninapogombana na mpwa wangu kuhusu Naruto, katuni ya Kijapani, zile ziitwazo anime. Naruto ni mpendwa wa mtaa, nimeona hadi matatu yenye uso wake ubavuni, na mtoto yatima anayedharauliwa na kijiji kizima ni mhusika mwenye uzito kweli. Ila ukijumlisha sehemu 220 za mwanzo na 500 za Shippuden, mwendelezo wake, unapata 720. Kwa dakika kama 23 kila moja, hizo ni saa 276. Humo ndani kuna misururu mizima ya vipindi vya kujazia, na bembea ileile ya upweke unaonyeshwa tena na tena hadi unaanza kuionea huruma bembea yenyewe. Naipenda, lakini likizo ya wiki tatu haiitoshi, kwa hiyo imebaki nje ya mashindano.

Muda wa kila moja

Avatar ina sehemu 61 katika misimu mitatu, ilitoka kati ya 2005 na 2008. Fullmetal Alchemist: Brotherhood ina 64, ya 2009 hadi 2010. Zote mbili ni dakika ishirini na kitu kwa sehemu, kwa hiyo ni takriban saa 23 hadi 26 za kutazama. Arcane ndiyo fupi: misimu miwili ya sehemu tisa tisa, wa kwanza 2021 na wa pili 2024, kila sehemu kama dakika 40. Unaimaliza kwa saa 12 hivi, na kuna watu wameimaliza wikendi moja wakaenda kazini Jumatatu macho mekundu. BoJack ni misimu sita, 2014 hadi 2020, sehemu 76 na moja ya Krismasi.

Arcane na BoJack ni za Netflix, kwa hiyo unajua pa kuzipata ikiwa waifai yako inakaa sawa. Avatar na Fullmetal sisi tuliwekewa kwenye flashi dukani mtaani, na kwa Fullmetal hilo lilituletea balaa nitakayoisimulia.

Jeraha linavyoingia

Katika zote nne kuna mtoto aliyeumizwa na mtu mzima, au aliyejiumiza akijaribu kufanya kazi ya watu wazima. Tofauti iko katika lini unaambiwa na unaambiwaje.

Avatar haina haraka. Dunia ina mataifa manne, ya Maji, Ardhi, Moto na Hewa, na Taifa la Moto limekuwa vitani na wengine kwa miaka 100. Aang, mvulana wa miaka 12 ambaye peke yake angeweza kuutuliza ulimwengu huo, alilala ndani ya barafu miaka hiyo yote. Anayemwinda ni Zuko, mwanamfalme wa Moto, kijana wa miaka 16 mwenye kovu la kuungua kwenye jicho la kushoto. Kwa sehemu kumi na moja Zuko anapiga kelele tu. Unamdhania bapa. Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kumwigiza jikoni.

Halafu inakuja sehemu ya 12. Dhoruba imechacha baharini. Kwenye meli, mabaharia wamechoka na hasira za mwanamfalme, na mjomba wake, mzee Iroh, anaketi nao na kuwasimulia. Zuko akiwa na miaka 13 aliingia katika baraza la vita la baba yake, akasikia jenerali akipanga kuwatoa askari wapya kama chambo, akasimama kupinga. Akaambiwa atapigana kulinda kauli yake. Akadhani atapigana na jenerali. Alipogeuka uwanjani akamkuta baba yake. Alipiga magoti, akakataa kupigana, akaomba msamaha, na baba akamchoma uso akiwa pale pale magotini, kisha akamfukuza nchini. Dhoruba hiyohiyo, pangoni, Aang naye anamweleza rafiki yake Katara kwa nini alikimbia kwao miaka 100 iliyopita. Mbinu rejeshi mbili, ya mwindaji na ya anayewindwa, zinasukwa pamoja kama ukili, na unapotoka humo huwezi tena kumtaka mmoja ashinde bila kumhurumia mwingine. Yote kwa dakika ishirini na kitu. Ningekuwa mwalimu wa fasihi ningeionyesha darasani badala ya kuchora mishale ubaoni.

Mama hafuati Kiingereza cha haraka, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria. Iroh anaposema kwamba wakati ule wa kumchoma mtoto yeye aligeuza uso pembeni, Mama aliweka kikombe chini. "Aligeuza uso?" Halafu akanyamaza kidogo, akamtazama yule mzee mnene anayependa chai. "Huyu amezika mtoto."

"Umejuaje, Susu?" mpwa wangu akauliza. Susu ndivyo tunavyowaita nyanya kwetu.

"Mtu aliyezika wake hamwachi wa mwenzake."

Mimi nilikuwa nimeitazama zamani, nikajibana mdomo. Mwishoni mwa msimu wa kwanza Iroh anamwambia Zuko kuhusu mwanawe aliyekufa vitani, na Mama hata hakugeuka kututazama. Msimu wa pili kuna dakika chache za mzee huyo akizunguka mjini, akimwimbia mtoto anayelia, akimfundisha mwizi kusimama vizuri kabla ya kumnywesha chai, na jioni akipanda kilima, akiweka picha ya mwanawe chini ya mti na kuimba huku sauti ikikatika. Sehemu hiyo ilitolewa kwa heshima ya Mako, aliyemtilia Iroh sauti na kufariki mwaka huo huo, 2006. Stima zingepotea usiku ule nisingelalamika, maana hakuna aliyetaka mwenzake amwone usoni.

Fullmetal hufanya kinyume kabisa, inakufungulia jeraha mapema. Ndugu wawili, Edward wa miaka 11 na Alphonse wa 10, wanajaribu kumfufua mama yao kwa alkemia, elimu ya kugeuza kitu kuwa kingine. Sheria ya alkemia yao ni kama ya sokoni: hupati kitu bila kutoa chenye thamani sawa. Edward anapoteza mguu. Alphonse anapoteza mwili mzima, na Edward anatoa mkono wake ili roho ya mdogo wake ifungwe ndani ya deraya tupu la chuma. Baadaye wanaichoma nyumba yao wenyewe wasiwe na pa kurudi. Edward anatembea na saa ya mfukoni aliyoifunga isifunguke. Rafiki yao Winry anaifungua kwa nguvu siku moja, na ndani hamna siri ya kijeshi wala nini, kuna tarehe ya siku ile ya moto imekwaruzwa kwa mkono, na onyo la kutosahau. Nikitafuta katuni inayokumbuka, hii inatembea na kumbukumbu mfukoni.

Arcane inakupa sehemu tatu nzima za utoto kabla ya kuupasua. Vi na mdogo wake Powder wanaishi upande wa chini wa mji uliogawanyika, kule juu Piltover ya matajiri, kule chini Zaun ya moshi. Powder anataka kusaidia. Kila anachounda hakilipuki, wenzake wanamcheka. Siku ambayo bomu lake la mwanasesere linalipuka sawasawa, linawaua aliokuja kuwaokoa. Vi, akiwa na uchungu, anampiga na kumwita kisirani. Hilo tusi ndilo jina analolitumia maisha yake yote baadaye: Jinx. Sijaona mahali pengine ambapo neno moja la hasira la dada limebeba mfululizo mzima namna hiyo. Na anayemwokota pale chini kwenye moshi, akamkumbatia, ni adui wa familia yake.

BoJack inahitaji ueleze kwanza kwamba mhusika mkuu ni farasi. Farasi aliyewahi kuwa nyota wa runinga Hollywood, sasa mlevi kwenye jumba la kifahari. Ukishasema hivyo watu wanacheka na hawataki kusikia mengine. Lakini hakuna katuni ninayoijua iliyochukua swali la kumbukumbu kwa uzito kama hii. Msimu wa nne kuna sehemu inayopita ndani ya kichwa cha mama yake, Beatrice, aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Watu wa pembeni hawana nyuso. Mwanamke mmoja uso wake umechorwachorwa kwa kalamu, kama mtu aliyejaribu kumfuta. Huelezwi kwa nini hadi karibu mwisho, na ukielezwa unamwelewa yule mama mkatili kwa mara ya kwanza, bila mtu yeyote kukulazimisha umpende.

Halafu msimu wa tano, sehemu ya sita. Ukiondoa mwanzo mfupi, sehemu yote ni BoJack amesimama kando ya jeneza akisema wasifu wa marehemu mama yake. Hakuna muziki wa kukuambia ulie saa ngapi, hakuna mbinu rejeshi, hakuna anayemjibu. Sisi tumeketi matanga mangapi, tukishika kile kijitabu cha kurasa nne chenye picha ya rangi, tukisikia jinsi marehemu alivyokuwa mcheshi na mcha Mungu, na kila mtu pale anajua alikuwa nani? BoJack anatafuta kitu kimoja kizuri cha kusema na hakipati, na kwa dakika zaidi ya ishirini unamwona akikitafuta. Nilisimamisha mara mbili. Si kwa sababu ya ubaya wake.

Wabaya, na waliokosewa

Hapa Avatar inaanguka kidogo. Mfalme Ozai ni mbaya kwa sababu hadithi inahitaji mbaya. Hata uso wake unafichwa hadi msimu wa tatu, jambo linalojenga taharuki vizuri, ila ukishauona huna cha ziada cha kujua. Kina cha upande ule kimehifadhiwa kwa Zuko na dada yake Azula. Nisiwe mkali sana: ni katuni ya watoto, na mtoto wa miaka tisa anahitaji kujua nani apigwe.

Fullmetal ndiyo inashinda sehemu hii, na wala si kwa wembamba. Mashujaa wake wenyewe ni wauaji. Kanali Mustang na luteni wake Hawkeye, watu unaowapenda, walishiriki mauaji ya halaiki ya watu wa Ishval kwa amri ya serikali, na katuni haikuachi usahau. Aliyenusurika katika mauaji hayo, mtu anayeitwa Scar, anazunguka akiwaua wanaalkemia wa jeshi kulipiza. Unamwonea huruma, kisha unajua kwamba miongoni mwa aliowaua walikuwa wazazi wa Winry, madaktari waliobaki Ishval kutibu watu wake. Siku Winry anapolijua hilo Scar yuko mbele yake na bastola iko chini. Anaishika. Hawezi. Baadaye kabisa anamfunga jeraha mkononi, na anasema wazi kwamba hajamsamehe. Anafanya tu kile ambacho wazazi wake wangefanya.

Sisi tuliokuwa Nairobi mwanzo wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tunaijua tofauti hiyo. Unaweza kununua sukuma kwa mtu kila jioni, umsalimie, umuulize watoto, na kuna jambo moja hamjawahi kuligusa wala hamtaligusa. Mpwa wangu alikuwa hajazaliwa. Aliniuliza kwa nini binti anamtibu mtu aliyewaua wazazi wake, nikamwambia tusonge mbele.

Arcane ina Silco, mbaya mmoja tu anayestahili kutajwa, lakini anatosha. Ni mhalifu, muuza dawa za kulevya, na ndiye baba mwenye upendo kuliko wote katika katuni hizi nne. Karibu na mwisho wa msimu wa kwanza anapewa alichokitafuta maisha yake yote, uhuru wa Zaun, kwa bei moja: amtoe Jinx. Ni ile sheria ya Fullmetal ya kutoa ili upate, ila hapa mtu anajikuta hajui tena kipi ni cha thamani.

BoJack haina adui wa nje. Ina watu aliowaumiza, na baadhi yao hawako tayari kumalizia hadithi yake vizuri. Msimu wa kwanza, sehemu ya nane, BoJack anakwenda kwa Herb, rafiki wa zamani ambaye yeye mwenyewe alimsaliti, na ambaye sasa ana saratani. Anaomba msamaha. Herb anakataa. Anamweleza kwa utulivu kwamba hamsamehi na kwamba itabidi aishi na hilo. Tangu siku hiyo nilipoiona, kila katuni ikinipa msamaha mwepesi naikumbuka sura ya Herb kitandani.

Kila moja inachechemea wapi

Avatar: mwanzo wake ni wa kitoto, na sehemu ya 11 ya msimu wa kwanza unaweza kuiruka usikose kitu. Tafadhali usiruke ya 12.

Fullmetal ina makosa mawili. La kwanza ni utani. Katikati ya huzuni nyuso zinageuka ghafla kuwa vibonzo vidogo vinavyopiga kelele, na mtu ambaye hajazoea anime anatolewa nje ya hadithi. La pili ni mwendo wa mwanzo: inakimbia. Na hapo ndipo balaa yetu ilipotokea. Likizo ya Agosti nilipeleka flashi dukani nikasema "Fullmetal Alchemist." Kijana wa duka akatia, nikalipa, tukaanza. Siku ya nne mpwa wangu akasema mambo hayafanani na anayosimuliwa shuleni. Kumbe tumewekewa ya 2003, yenye sehemu 51, iliyotengenezwa wakati vitabu vya Hiromu Arakawa vilikuwa bado vinatoka, kwa hiyo katikati ikalazimika kujitungia njia na mwisho wake. Brotherhood ndiyo inayofuata vitabu hadi tamati. Ukienda dukani taja neno Brotherhood, hata uandike kwenye karatasi.

Kosa hilo, hata hivyo, lilinifunza jambo. Kuna ofisa mmoja, Maes Hughes, mtu wa kuonyesha kila mtu picha za bintiye hata kama hajaulizwa. Katika toleo la 2003 unakaa naye hadi sehemu ya 25 ndipo anauawa. Katika Brotherhood anauawa sehemu ya 10. Mazishi ni karibu yaleyale: mtoto mdogo anauliza kwa nini wanamfukia baba wakati baba ana kazi nyingi, na Mustang, akiwa amesimama kwenye jua, anasema mvua imeanza kunyesha. Tulipoiona mara ya kwanza mpwa wangu alijifunika blanketi. Tulipoiona katika Brotherhood, wiki mbili baadaye, alikuwa anakula ndizi. Kumzoea mtu kunachukua muda, na Brotherhood pale haikuutoa.

Arcane inachechemea msimu wa pili. Picha bado ni za kushangaza. Studio ya Fortiche ya Paris inazifanya zionekane kama mchoro wa brashi unaotembea, na uso wa mtu unaweza kusema uongo huku mdomo ukisema kweli. Lakini mambo yamejazwa kama matatu ya saa kumi na mbili jioni. Mtu anabadili msimamo mkubwa ndani ya wimbo mmoja, na wewe uliyetaka kuona alivyofika huko unaachwa stejini. Kwa maoni yangu msimu wa kwanza peke yake ndio hadithi kamili zaidi ya Arcane, na unaweza kuishia hapo kwa amani.

BoJack: sehemu saba za kwanza ni za kawaida. Wengi huacha hapo, na siwalaumu.

Za hapa kwetu

Nimeulizwa mbona sijaweka za nyumbani. Tinga Tinga Tales ya 2010 ilitengenezwa hapa Nairobi, sehemu 52 za dakika 11, kwa rangi na mtindo wa wachoraji wa Tingatinga wa Tanzania. Ni ngano za usuli: kwa nini tembo ana mkonga, na nyinginezo za aina hiyo. Wahusika ni bapa, na wanapaswa kuwa bapa. Sungura akianza kujutia ujanja wake hiyo si ngano tena. Kuiweka kando ya Fullmetal ni kama kulinganisha kitendawili na riwaya. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano ningechagua hiyo kabla ya hizi nne zote, au Bluey ya Australia, ambayo kwa dakika saba inawashika hata wazazi waliodhani wanapita tu sebuleni.

Sasa uchague

Nyumba yenye mchanganyiko wa umri, Avatar, bila kusitasita. Mtoto wa miaka minane atafurahia maji na moto, na mtu mzima atamsubiri Iroh. Hadithi imepangwa tangu mwanzo ikijua inakwenda wapi, na Zuko anarudi nyuma katikati, vibaya sana, jambo ambalo waandishi wengi huogopa kumfanyia mtu wanayemjenga.

Kijana wa miaka 14 na kuendelea anayetaka kubishana baada ya kutazama, mpe Fullmetal: Brotherhood. Mzazi ujue kwamba sehemu ya 4 ina jambo la baba na bintiye ambalo litamkalia mtoto kichwani. Itazame naye, usimwachie simu. Na kama kuna mtu nyumbani asiyesoma maandishi ya chini kwa kasi, tafuta iliyotiwa sauti za Kiingereza.

Arcane ni ya watu wazima na vijana wa miaka 16 kwenda juu, hasa wenye muda mchache na runinga nzuri. Kwenye simu ya kioo kilichopasuka unaipunja.

BoJack ni ya mtu mzima peke yake, usiku, na si kila usiku. Kuna pombe, dawa, ngono na kujiua. Ikiwa uko kwenye kipindi kigumu, iache kwanza. Mpwa wangu ameniomba mara tatu kwa sababu ya farasi, nimekataa mara tatu. Ukinibana niseme ipi kati ya nne ina wahusika wenye kina zaidi, ni hiyo. Ukinibana niseme ipi ina hadithi iliyoshonwa vizuri zaidi, ni Fullmetal. Na bado nikipewa usiku 21 mwingine na watu walewale, nitaweka Avatar.

Mama hakuimaliza. Presha ilishuka, mahindi yakahitaji palizi, akaondoka zikiwa zimebaki sehemu sita. Alimwacha Zuko amekwisha kumkosea mjomba wake kosa ambalo sitalitaja, na mzee hayupo. Juma lililofuata akanipigia simu asubuhi nikiwa kwenye foleni ya matatu. Akaniuliza habari za kazi, akauliza kama kijana amerudi shule, kisha akauliza kama yule wa kovu alimpata mzee.

Nikamwambia aje Desemba aone mwenyewe.

Akasema Desemba ni mbali, nimwambie sasa hivi, alimwambia nini. Nikatoka kwenye foleni, nikasimama kando ya muuza smokie, nikamsimulia yote.